Yuko Safarini

Kanisa langu la Kitale lina viti mia kadhaa na hakuna kinachogusana na kingine. Wakati wa korona tuliambiwa tuvitenganishe kwa ajili ya afya, tukavitenganisha. Ugonjwa ukaenda zake, viti vikabaki palepale, na hakuna aliyelalamika. Nadhani wengi wetu tulikuwa tumeingoja amri hiyo maisha yetu yote. Mimi hakika nilikuwa nimeingoja. Kiti changu kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, mahali ambapo mtu anaweza kuingia nyimbo zikiisha na kutoka matangazo yakianza bila kupeana mkono na kiumbe yeyote.

Mchungaji wetu ni kijana wa suti ya kubana, kipaza sauti kimebandikwa shavuni, na mahubiri yake yote ukiyachemsha yanabaki sentensi moja: wokovu ni wa mtu binafsi. Baraka yako, mlango wako, mbingu yako. Kila baada ya dakika kumi anatuamuru tugeuke. "Ambia jirani yako: huu ni mwaka wangu!" Basi watu wazima wanageukiana, wanakodoleana macho, na kila mmoja anamtangazia mwenzake kwamba mwaka ni wake. Kisha tunarudi kutazama mbele, kila mtu na mwaka wake. Hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi niliyowahi kufanya na muumini mwenzangu pale.

Kanisa la namna hiyo lilinifaa. Kazi yangu ni kupima mashamba. Hapa Trans-Nzoia mzee akizikwa, wanawe wananipigia simu kabla turubai la matanga halijakunjwa. Naenda, natafuta mstari katikati ya ndugu na ndugu, nachimbia mawe ya mpaka, na jioni hiyo watu waliokula sahani moja utotoni wanaanza kupanda ua. Sisemi ni kazi mbaya, imenijengea nyumba. Lakini ukishinda wiki nzima ukisikiliza ndugu wakitukanana juu ya hatua mbili za udongo, Jumapili hutaki undugu wa mtu.

Mke wangu na mimi tulipoachana, kanisa halikujua, na halijui mpaka leo. Kila Februari natumiwa ujumbe wa kutualika sote wawili kwenye semina ya wanandoa. Mara moja nilikwenda, kwa utundu tu, nikakaa kando ya kiti chake kitupu siku nzima. Niliwekewa sahani mbili za pilau na hakuna aliyeniuliza swali. Nilikula zote mbili.

Kama hujaelewa ni kwa nini mtu anaweza kupenda kanisa kama hilo, basi hujawahi kuwa muumini wa kanisa la kwetu Myanga.

Kule ni jengo la mabati, na watu hukaa kwenye mabenchi wamebanana hivi kwamba mmoja akikohoa benchi zima linajua anaumwa nini. Mahubiri yakiisha, kabla ya sala ya kufunga, katibu anasimama na kaunta buku na kuanza kusoma majina. Anayasoma yote, boma baada ya boma, wazee kwa watoto. Aliyepo anajibu, "Nipo." Asiyekuwepo anajibiwa na watu wa kwao: ni mgonjwa, amekwenda matanga Matulo, yuko safarini. Ukikosa Jumapili tatu mfululizo na hakuna aliyekujibia, akina mama wanatumwa kukutafuta. Hawaandiki barua wala hawapigi simu. Wanakuja wenyewe, na nyimbo zao.

Mimi walinitafuta nikiwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimegundua raha ya busaa, ile pombe yetu ya kienyeji, na Jumapili asubuhi hazikuwa zikinikuta nimesimama wima. Mama alinijibia wiki kadhaa, mwishowe akachoka. Jumatatu moja wakaja wanane. Nikawaambia ni malaria. Hawakubishana nami. Walichemsha mwarobaini, wakanisimamia mpaka nikamaliza sufuria, wakaimba nyimbo nne kando ya kitanda huku mrija wangu wa busaa ukichungulia chini ya godoro na kila mmoja wao akiuona. Kabla ya kuondoka walinipasulia kuni. Mpaka leo sijui kama walikuwa wakinitunza au wakiniadhibu, na nashuku hata wao hawaoni tofauti.

Maana kaunta buku hilo halikuwa la mapenzi matupu. Nilimwona msichana niliyesoma naye akisimamishwa mbele ya mabenchi hayo na mimba ya miezi sita, jina lake likapigwa mstari mbele ya macho yake. Jioni hiyohiyo wanawake walewale walimpelekea unga na mafuta ya taa. Unga ulipokelewa, lakini mstari haukufutwa. Msichana aliondoka Myanga, na mwaka uliofuata nami nikaondoka, kwa sababu nyepesi kuliko zake. Nilikuja Kitale nikaapa kwamba hakuna atakayenisomea jina tena. Hiyo ni miaka kumi na tisa sasa.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mama aliteleza kwenye mawe ya mto akichota maji. Nilikuwa nimemwekea tangi la maji pembeni mwa nyumba, lakini alisema maji ya tangi hayana watu wa kuongea nao. Mguu ulivunjika juu kidogo ya kifundo, na simu yake ikazama. Nilimchukua kutoka hospitalini Bungoma moja kwa moja mpaka kwangu, nikamnunulia simu mpya na laini mpya, na namba zote za Myanga zikabaki mtoni. Njia nzima alinung'unika. "Papa," aliniambia, maana ndivyo akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, "mtu haondoki kwao kama mwizi. Tungepitia kanisani nikaaga." Nikamwambia ataaga akipona. Daktari niliyemtafutia Kitale alikuwa amesema akae karibu naye miezi mitatu.

Ninaishi kwenye mtaa wenye lango moja kubwa, na ndani yake kila nyumba ina lango lake. Soja anayelinda lango kubwa, mzee kunizidi kidogo, nilikuwa nimempita kwa miaka minne nikimpungia mkono. Mama alimpita mara moja. Aliniambia nisimamishe gari, akateremsha kioo, na tulipoondoka pale alikuwa anajua jina lake, watoto wake watano, kwamba ni Mwislamu wa kule karibu na msikiti mjini, na kwamba mkewe ana uvimbe shingoni.

"Miaka minne," mama akasema. "Kwani mlikuwa mkiongea nini?"

"Nilikuwa nampungia mkono, Mama."

Alinipungia mkono tu.

Jumapili ya kwanza alivaa kitambaa chake cheupe, akashika magongo yake, tukaenda kwangu kanisani. Nilimkalisha kando yangu, upande wake wa pili akikaa mama mmoja wa kisasa mwenye wigi na saa kubwa. Mama alitazama ile nafasi kati ya viti, akadhani ni kosa la wafagiaji. Akavuta kiti chake kwa gongo mpaka kikagusana na cha yule mwanamke. Mwanamke akasogea. Mama akavuta tena. Wimbo wa tatu ulipokwisha walikuwa wamesafiri karibu mpaka ukutani, na pale mwanamke hakuwa na pa kukimbilia.

"Ambia jirani yako: huu ni mwaka wangu!" mchungaji akanguruma.

"Huu ni mwaka wangu," mwanamke akamwambia mama, macho yakiwa kwingine.

"Wako?" mama akauliza kwa dhati. "Hongera, mwanangu. Mimi wangu nimevunjika mguu."

Ikafika Meza ya Bwana. Kwetu Kitale siku hizi kila mtu hupewa kikombe chake cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha dawa ya kikohozi, juu kimefunikwa kwa karatasi ya kubanduliwa na ndani ya karatasi kuna kipande cha mkate. Unabandua mwenyewe, unakula mwenyewe, unatupa mwenyewe. Mama alikishika akangoja, akidhani kuna atakayekuja kumega. Mwishowe nilimbandulia. Akauvunja ule mkate, ambao hata mzima hauzidi kucha, akamnyooshea jirani nusu. Mwanamke akafungua mkoba akatoa dawa ya kusafisha mikono. Akajipaka, kisha kwa wema mkubwa akampaka na mama.

"Papa, Meza ya Bwana iko wapi?" mama akaninong'oneza.

"Umeishika, Mama."

Ibada ilipokwisha watu walitiririka kwenda kwenye magari. Mama hakuinuka. Alisema majina bado hayajasomwa. Nikamwambia hapa hayasomwi.

"Sasa wanajuaje nani hayupo?"

Nilianza kumweleza kwamba hiyo ndiyo raha yenyewe, nikaona uso wake. Nilikuwa nimemleta mahali ninapopapenda, naye alikuwa akiniangalia kama mtu aliyekuta mwanawe anakula jalalani.

Jumapili iliyofuata alikataa kwenda. Hakuwa mgonjwa, aliniambia wazi. "Nataka kuona watakuja kunitafuta lini." Alasiri alifagia sebule kwa mkono mmoja, gongo mkono wa pili, akapanga viti vyangu sita vya mezani kwa duara, akachemsha chai ya maziwa ya kutosha watu kumi na viazi vitamu sufuria nzima. Akakaa akitazama dirisha. Mpaka jua linashuka hakuna aliyebisha. Nilikunywa vikombe vinne ili isimwagwe.

"Hiyo ni moja," akasema. "Jumapili tatu zikiisha na kanisa lako halijaja, utanirudisha nyumbani. Siwezi kuponea mahali ambapo hata nikifa itabidi nijitangaze mwenyewe."

Hapo sikucheka. Mama alikuwa amekaa kwangu wiki mbili tu, lakini nyumba ilikuwa na harufu ya kunde, redio ilikuwa ikisema Kibukusu asubuhi, na nikirudi kutoka Endebess nimejaa udongo palikuwa na mtu wa kuniambia nivue viatu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kukatazwa kitu nyumbani kwake na afurahi. Nilitaka abaki. Na kubaki kwake sasa kulitegemea watu ambao kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimewachagua kwa sababu hawatakuja.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kanisa. Nilikuta dada mmoja mpole mbele ya kompyuta, chini ya kibao kilichosema Idara ya Kujaliana.

"Naomba mje kumtembelea mama yangu," nikasema.

"Sawa kabisa. Ni ziara ya aina gani? Tuko na ya kuzaa, ya kufiwa, na ya kufanyiwa operesheni."

"Ya kukosa. Amekosa kanisani."

Alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena. "Hiyo haiko, bana. Si uweke ya operesheni?"

"Hajafanyiwa operesheni."

"Na ni member?"

"Alikuja mara moja."

"Ah. Si afuatilie tu ibada kwa simu? Wengi wanafanya hivyo, na hawakosi."

Nilijaza fomu. Palikuwa na mahali pa jina la mke, nikakuta tayari pamejazwa.

Jumapili ya pili nilikwenda ibadani peke yangu, nikakaa kiti changu cha tatu, na katikati ya sifa simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa kanisa. "Mpendwa, TUMEKUKOSA leo! Mungu ana mpango na wewe binafsi." Nikatazama kushoto na kulia. Nilikuwa nimeketi palepale, nimevaa koti, mchungaji akinitazama usoni kutoka jukwaani.

Nyumbani nilimsomea mama ujumbe ule, nikidhani pengine utahesabika.

"Nani amesema hivyo?" akauliza.

"Kanisa."

"Kwa mdomo wa nani?"

Nilirudisha simu mfukoni. Alikwishapanga viti. Nami, aibu ikinitafuna, nilifanya jambo la kijinga. Nilishuka langoni nikamwomba soja avae koti langu moja, aje kwangu saa kumi, ajitambulishe kama mzee wa kanisa, anywe chai na kuondoka.

"Mkubwa, mimi ni Mwislamu."

"Ni nusu saa tu."

"Kumwona mama naweza kuja, hata ningekuja bila kuambiwa. Lakini koti lako sivai, na uongo sisemi."

Zamu yake ilipokwisha alikuja na shati lake la kazi, lita moja ya maziwa mkononi. Alikaa kwenye mojawapo ya vile viti sita, akazungumza na mama juu ya mkewe na ule uvimbe, akala viazi, akamwombea mama kwa Kiarabu, mama akaitikia amina kwa sauti ya kanisani. Alipoondoka mama alibaki akikitazama kiti chake.

"Huyu wa dini nyingine amekuja," akasema. "Wako wako wapi?" Kisha akaanza kukunja nguo zake, moja moja, polepole, akiziweka kwenye mfuko ule aliokuja nao kutoka hospitali.

Jumapili ya tatu sikwenda kanisani. Nilikaa naye. Viti sita, chai, viazi. Saa tisa ilipita. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumbembeleza asiondoke pale niliposikia kelele langoni, na ndani ya kelele hizo wimbo, wa kwetu, ule wa kuingilia boma la mtu. Mama aliinuka bila gongo. Nilimdaka, nikamkalisha, nikashuka lango kubwa.

Walikuwa kumi na mbili, wamevaa vitambaa vyeupe, na pikapu ya vitunguu imeegeshwa nyuma yao. Soja alikuwa amewazuia kwa sababu sheria ya mtaa inataka kitambulisho cha kila mgeni.

"Ati kitambulisho?" mmoja alikuwa akimwambia. "Si sisi ni wamama wa kanisa, unatuona! Sasa mama akitafuta mwenzake anabeba kitambulisho cha nini?"

Soja aliponiona alifunga daftari lake. "Hawa ndio wa mama," akasema, na akafungua lango lote, hata upande wa malori.

Waliniambia baadaye jinsi walivyonipata. Kwanza walikwenda kanisani kwangu, maana walijua mtoto wa mwenzao ameokoka huko. Dada mpole akawaambia habari za waumini ni siri. Wakaenda sokoni kwa wauza ndizi waliotoka Myanga, na baada ya nusu saa walikuwa wanajua mtaa wangu, rangi ya gari langu na kwamba sina mke.

Waliingia kwangu kama maji. Wawili walimkumbatia mama wakalia naye, mmoja akakagua mguu, mmoja akakagua jikoni. "Friji ni ya maji pekee!" akatangaza. Vyumba vya kulala walivifungua bila kuuliza. Walitoa kuku mzima, simsim, majani ya mrenda, na chupa ya maji ya kijani ambayo niliitambua kabla haijafunguliwa. Mwarobaini. Miaka kumi na tisa, na bado walikuwa wameubeba.

"Na bibi yako yuko wapi?" mmoja akaniuliza mbele ya wote, ingawa wauza ndizi walikwishamjibu.

"Yuko safarini," nikasema, nikitaka yaishe.

Walicheka. Walicheka mpaka wengine wakajishika magoti, wakitazamana, na mama peke yake hakucheka, alikuwa akitazama ukuta. Sikuelewa nilichosema.

Kisha katibu akafungua kaunta buku. Ni mwanamke mwembamba wa makamo, na kama wengi wa kwetu hupishanisha l na r akichangamka. Alisema ibada ya leo wameifanyia njiani, imebaki majina. Akasoma boma letu. Akasoma jina la mama.

"Nipo!" mama akaitikia, mguu wa plasta juu ya stuli yangu, machozi yakimtoka bila kujificha.

Katibu akashusha kidole mstari mmoja. Akasoma jina langu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akalisoma tena, majina yote matatu, hata lile la babu ambalo mjini hapa silitumii.

"Hilo bado liko?" nikauliza.

"Ringeenda wapi?" katibu akasema. "Hatujakufuta. Kira Jumapiri nasoma, na kira Jumapiri mama yako anajibu ati yuko safali. Miaka yote hiyo. Sisi tunajiuliza, safali gani hii haiishi, na Kitare si ni hapa tu? Lakini mama akijibu, amejibu. Sasa mwezi huu mama hayuko, hakuna mtu wa kukujibia. Nimesoma mara tatu, kimya. Kwa hivyo tumekuja kutafuta wawili."

Nilimtazama mama. Niliwaza Jumapili zile zote nilizokaa kiti cha tatu kutoka mlangoni nikifurahia kutojulikana, na kila mojawapo, takriban saa ileile, mwanamke mmoja kwenye benchi la Myanga alikuwa akidanganya mbele ya kanisa zima ili nisipigwe mstari. Nilitaka kusema kitu cha kuwachekesha. Nikasema, "Basi andika amerudi," lakini hakuna aliyecheka.

Jioni walimchukua. Nilijaribu kila njia. Nilitaja daktari, wakasema pikapu itamleta kila tarehe ya kliniki, na walikuwa tayari wamegawana zamu, nani atachota maji, nani atalala naye, nani atamwogesha. Nikashika sheria, kama ninavyofanya shambani. "Mama, ulisema utaondoka kanisa lisipokuja. Kanisa limekuja. Kwa hivyo unabaki."

"Limekuja, papa," akasema, akinishika shavu. "Limekuja kunichukua."

Walimpandisha mbele na dereva, wao wakakaa nyuma juu ya magunia, wakaondoka wakiimba. Majirani zangu wote walikuwa wamesimama nyuma ya mapazia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaona.

Viti vyangu sita vilibaki kwa duara, na sikuvirudisha mezani. Jumapili iliyofuata niliamua kuwajaribu wa kwangu, kama mama alivyofanya. Sikwenda. Nilifagia sebule nikachemsha chai, kwa kejeli tu, nilijiambia. Hakuna aliyekuja, na safari hii hata ule ujumbe wa kunikosa haukutumwa. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Kiti changu cha tatu sijui kama kuna aliyekikalia. Kwa namna vilivyopangwa, hata kikiwa kitupu hakionekani tofauti na nafasi nyingine.

Jioni ya Jumapili hiyo ya pili mama alinipigia simu. Mguu unaendelea vizuri, akasema, ingawa wanaomlinda hawamwachi hata aende chooni peke yake, na mmoja wao anakoroma. Akanung'unika hivyo kwa dakika kumi, sauti imejaa furaha.

"Leo wamesoma jina lako," akasema kisha.

"Ukawaambia niko safarini."

"La. Nimenyamaza. Na ile wiki nyingine nilinyamaza pia. Nimechoka kukujibia, papa. Hizo ni mbili."

Akakata simu bila kuaga, yeye aliyeniambia mtu haondoki kama mwizi.

Nilikaa na simu mkononi. Kutoka Kitale mpaka Myanga si mbali. Jumapili ningeweza kuwasha gari alfajiri, nikabanana kwenye benchi, nikajibu kwa mdomo wangu, yakaisha. Na najua wanachokuja nacho hao wanawake. Najua watafungua makabati, wataniuliza habari za mke mpaka nitokwe jasho, na mwarobaini watanisimamia mpaka sufuria iishe. Najua pia ule mstari walioupiga kwenye jina la yule msichana, na siku nitakapoketi nao nitauliza habari zake mbele ya wote. Lakini sitakwenda. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, na nasema bila kuona haya: nataka kutafutwa.

Jumatatu nilinunua viti sita zaidi. Jumamosi jioni nilishuka langoni nikiwa nimebeba lita moja ya maziwa, nikamwita soja kwa jina lake, nikamuuliza shingo ya mkewe inaendeleaje. Alinieleza kirefu. Alipomaliza nikamwambia kwamba kesho yakifika majina na mimi nisijibiwe, zitakuwa Jumapili tatu, na siku yoyote baada ya hapo patakuja akina mama wenye vitambaa vyeupe. Asiwadai vitambulisho, awafungulie lango lote.

"Sawa, mkubwa," akasema. "Lakini mama si alishaenda? Sasa watakuwa wanamtafuta nani?"

"Mimi," nikamjibu.